Kupima utendaji wa moyo wa mtoto mwenye afya kwa eko, hatua kwa hatua

Wengi wanaojifunza eko (kupiga picha ya moyo kwa altrasaundi) wanaogopa moyo mgonjwa, mimi nawaambia muogopeni zaidi mtoto mwenye afya. Moyo uliochoka hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza anauona, ventrikali (chumba cha kusukuma damu) imetanuka na kuta zinasogea kwa shida, hapo hata ukikosea milimita moja jibu linabaki lilelile. Mtoto mwenye afya ni kesi ingine kabisa, yeye ndiye rula tunayopimia wengine, namba zake ndizo zinaingia kwenye jedwali la kawaida na ndizo kesho utalinganisha nazo mtoto aliyepewa dawa za saratani au aliyezaliwa njiti. Rula ikipinda, kila utakayempima nayo anatoka amepinda. Kwaiyo nitaandika kwa urefu kidogo, hasa pale ambapo nimeona watu wanaharibu.

Naandikia mtu ambaye tayari anajua kushika probu (kile kifaa cha mkononi cha mashine) na kupata picha za kawaida, sio anayeanza sifuri.

Hatua ya 1: hakikisha kweli ana afya

Mtoto kuletwa na mzazi anayesema "huyu hana shida yoyote" haitoshi. Uliza kama alizaliwa kwa muda wake, kama kuna mtu kwenye familia mwenye ugonjwa wa moyo au aliyefariki ghafla akiwa kijana, kama anachoka haraka akicheza, kama amewahi kuzimia, kama anatumia dawa yoyote. Sikiliza moyo kwa masikio yako mwenyewe. Pima presha mkono wa kulia kwa kitambaa kinachomtosha, pima oksijeni, pima joto. Mtoto mwenye homa leo usimpime leo, homa inapandisha mapigo na inafanya moyo usukume kwa nguvu, utaandika namba nzuri mno ambazo sio zake. Upungufu wa damu ni hivyohivyo, damu ikipungua moyo unafidia kwa kusukuma damu nyingi zaidi kwa dakika, ventrikali inaonekana imejaa na inachapa kazi, na macho ya mtoto ukiyafunua utaona weupe ambao hamna mtu aliuuliza.

Alafu kabla ya namba yoyote fanya eko kamili ya umbo. Kuta za kati zote mbili, vali zote nne, mishipa ya moyo inapoanzia kwenye aota (mshipa mkuu unaotoa damu moyoni), tao la aota lote mpaka linaposhuka, mishipa ya kurudisha damu kutoka mapafuni. Ukiruka hii hatua ukaenda moja kwa moja kupima EF (asilimia ya damu ambayo ventrikali inaitoa kwa pigo moja), siku moja utaweka kwenye kundi la "wazima" mtoto ambaye aota yake imebana pale chini ya tao, na moyo wake unasukuma vizuri tu kwa sababu bado unamudu.

Kuna vitu utavikuta ambavyo ni vya kawaida, usimtishe mzazi. Kichanga kuwa na kitundu kidogo kati ya atiria mbili (vyumba vya juu vinavyopokea damu) ni kawaida, mshipa wa dakta (unaopitisha damu kando ya mapafu mtoto akiwa tumboni) kuwa bado wazi siku 2 au 3 za mwanzo ni kawaida, vali ya trikaspidi (kati ya atiria na ventrikali ya kulia) kuvuja kidogo sana ni kawaida hata kwa mtoto mkubwa, na ule uzi mwembamba unaokatiza ndani ya ventrikali ya kushoto nao upo kwa watu wengi. Andika kwamba umeviona, endelea.

Hatua ya 2: mizani na rula ya urefu

Hii inaonekana ndogo ila imeharibu data nyingi kuliko mashine mbovu. Kuna sehemu nilifanya kazi mizani ilikuwa imekufa, watu wakawa wanamuuliza mzazi "ana kilo ngapi" na wanaandika anachosema. Sasa fikiria mtoto wa sentimita 115, mzazi anasema kilo 20, kumbe ana 17. Kwa kilo 20 eneo la mwili linatoka mita za mraba 0.80, kwa kilo 17 linatoka 0.73. Tofauti karibu asilimia 8, na bado hujagusa probu. Kila kitu utakachopima baadaye kitalinganishwa na hilo eneo, kwaiyo umeanza safari ukiwa umeshapotea.

Mvue viatu na nguo nzito, mpime uzito wewe mwenyewe, mpime urefu akiwa amesimama wima, kichanga mpime akiwa amelazwa na mtu wa pili amnyooshe miguu.

Kwenye hesabu ya eneo la mwili tumia fomula ya Haycock ya mwaka 1978, ambayo ilitengenezwa kwa kuangalia mpaka vichanga: 0.024265 mara uzito kwa kipeo cha 0.5378 mara urefu kwa kipeo cha 0.3964, uzito kwa kilo na urefu kwa sentimita. Mashine nyingi zimewekewa fomula ya DuBois ya mwaka 1916 na hamna anayekwambia, ingia kwenye setingi uangalie. Kwa mtoto mkubwa tofauti ni ndogo, ila kichanga wa kilo 3.4 na sentimita 50 Haycock inampa 0.22 na DuBois inampa 0.21 kasoro, na kwa mwili mdogo hivyo hiyo sio tofauti ya kupuuza.

Hatua ya 3: mtulize mtoto, na usione ni kupoteza muda

Hapa ndipo nusu ya kipimo ilipo. Nimewahi kumpokea binti wa miaka mitatu, ameingia analia, mapigo 165 kwenye skrini, kifua kinapanda na kushuka, picha inakuja inapotea. Mwenzangu akasema tupige harakaharaka tumalize. Nikamwambia hapana, tukazima taa kubwa, nikamwambia mama yake "mama, panda naye kitandani, mlaze kifuani kwako kidogo", nikampa yule mtoto chupa ya jeli aishike, nikampaka kidogo kwenye kidole akaanza kujipaka mwenyewe tumboni. Dakika kumi na mbili. Mapigo yakashuka mpaka 98, nikamgeuza ubavu wa kushoto taratibu, akaniuliza "dokta, huyo ndani ni samaki?" maana alikuwa anaiona vali inafunguka na kufunga. Kuanzia hapo nikapata kila nilichokitaka. Ningepima yale ya 165 ningeandika moyo wa mtoto aliyeogopa.

Mtoto akilia mapigo yanapanda, presha inapanda, kiasi cha damu kinachorudi kifuani kinabadilika kila anapovuta pumzi kubwa, na SF (asilimia ambayo kipenyo cha ventrikali kinapungua ikibana) na EF zote zinategemea sana moyo umejazwaje na unasukuma kupingana na nini. Kwaiyo namba ya mtoto anayelia ni ya kilio.

Mambo yanayosaidia kweli: jeli ya uvuguvugu (jeli ya baridi peke yake inatosha kuamsha kichanga), chumba chenye joto, kichanga ashibe kwanza alafu alale, mtoto wa miaka miwili mitatu awekewe katuni mbele ya macho yake sio nyuma yako, mkubwa umuelezee unachofanya na umuulize kama yuko tayari. Dawa ya usingizi kwa mtoto mwenye afya ambaye unampima tu kupata namba za kawaida, mimi siikubali, hana faida yoyote anayoipata kwa hatari hiyo na dawa yenyewe inabadilisha mapigo na presha. Akikataa kabisa, mwache aende nyumbani, arudi siku ingine au asirudi. Ridhaa ya mzazi ni lazima, na mtoto anayeelewa naye ana haki ya kusema sitaki.

Hatua ya 4: mashine

Probu ya kichanga iwe ya megahezi 8 mpaka 12, mtoto wa katikati 5 mpaka 8, kijana anayekaribia ukubwa wa mtu mzima shuka chini ya hapo. Weka stika tatu za ECG (mchoro wa umeme wa moyo), usizikwepe hata kama mtoto anazing'oa, maana bila ECG utabahatisha moyo umejaa saa ngapi.

Punguza kina mpaka moyo ujaze skrini, bana upana wa sekta, utaona fremu (idadi ya picha kwa sekunde) zinapanda. Na fremu ndio kitu ambacho waliotoka kupima watu wazima wanakisahau. Kichanga mwenye mapigo 150 kwa dakika, pigo moja linachukua sekunde 0.4 tu. Ukirekodi fremu 30 kwa sekunde una fremu 12 kwa pigo zima, hapo ile fremu ya moyo uliobana kabisa inaweza kuwa imepita katikati ya picha mbili na hutaiona. Fremu 80 zinakupa 32 kwa pigo. Spidi ya kutembeza dopla (kipimo cha kasi ya damu) nayo iongeze, milimita 100 kwa sekunde au zaidi, mawimbi yaachane.

Altrasaundi haina mionzi kama ya eksirei, ila ni nishati inayoingia mwilini, weka nguvu ndogo inayokupa picha na usikae na dopla umeiwasha bila kupima.

Hatua ya 5: SF, ile ya haraka

Mlaze ubavu wa kushoto, kichanga anaweza kulala chali. Weka probu pembeni ya mfupa wa kifua kushoto, pata picha ya mkato wa duara, shuka mpaka uone misuli miwili inayoshikilia vali ya mitrali (kati ya atiria na ventrikali ya kushoto). Duara liwe duara. Likiwa yai umekata kimshazari na kipenyo chako kitakuwa kirefu kuliko ukweli, zungusha na uinamishe probu mpaka likubali. Pitisha mstari wa M-modi (unaoonyesha mwendo wa kuta kwenye mstari mmoja) katikati kabisa, ukate ukuta wa kati na ukuta wa nyuma kwa pembe ya mraba.

Pima ndani kwa ndani, ukuta kwa ukuta, moyo ukiwa umejaa kabisa na ukiwa umebana kabisa. Nyuzi za vali zinazopita mbele ya ukuta wa nyuma zinadanganya sana, zinang'aa kama ukuta ila zinasogea tofauti na ukuta, angalia klipu inayotembea ndio uweke alama.

Hesabu ni rahisi: kipenyo kikubwa toa kidogo, gawa kwa kikubwa, mara 100. Chukua mtoto mwingine, wa kilo 20 kweli za mizani, akiwa na sentimita 3.6 na 2.3, unapata 1.3 kugawa kwa 3.6, asilimia 36. Kawaida ya watoto inachezea kati ya 28 na 44 hivi.

Sasa uzuri wa SF ni kwamba haibadiliki sana na ukubwa wa mwili. Ubaya wake ni kwamba inaangalia mstari mmoja tu na kudhani moyo wote unafanya vilevile. Kichanga wa siku ya kwanza na ya pili anaiumbua hii kabisa. Presha ya upande wa kulia bado iko juu, imetoka kwenye maisha ya tumboni, kwaiyo ukuta wa kati umelala bapa na unasogea kivyake. Utapima SF utapata 24 na utashtuka, kumbe ventrikali haina tatizo, ni ukuta tu haujakaa mahali pake. Kwa huyo usiandike SF, nenda kwenye ujazo.

Hatua ya 6: EF kwa ujazo

Njia mbili zinatumika. Ya kwanza ni Simpson, unachora mzunguko wa ndani wa ventrikali kwenye picha ya chemba nne (vyumba vyote vinne vya moyo) na ya chemba mbili, mashine inakata vipande kama mkate na kujumlisha. Ya pili, ambayo watu wa moyo wa watoto wanaipenda sana, ni ya 5/6: eneo la duara kwenye mkato wa pembeni mwa kifua, mara urefu wa ventrikali kwenye chemba nne, mara 5 gawa kwa 6. Ventrikali inachukuliwa ina umbo la risasi, na kwa watoto wengi kweli iko hivyo.

Mtoto wetu tena. Moyo umejaa, eneo sentimita za mraba 10, urefu 5.8, ujazo ni mililita 48. Umebana, eneo 4.5, urefu 4.7, ujazo ni karibu 18. Umesukuma mililita 31 hivi kutoka kwenye 48, EF asilimia 64. Kuanzia 55 kwenda juu tunaita kawaida.

Kosa kubwa hapa ni kufupisha ventrikali. Nilifanya hilo kosa miezi mingi mwanzoni kabla sijaonyeshwa. Probu inakaa juu kidogo ya ncha halisi ya moyo, unaona chemba nne nzuri, mviringo mzuri, picha inapendeza, kumbe ncha uliyoiona sio ncha, umekata ukuta wa mbele. Dalili yake ni kwamba hiyo "ncha" inacheza sana, inaingia ndani kila pigo, na inaonekana nene. Ncha ya kweli haisogei sana na ni nyembamba. Ukiona hivyo shuka nafasi moja ya mbavu au sogea pembeni zaidi. Na kumbuka kwa mtoto mdogo ncha iko juu kuliko ya mtu mzima, nafasi ya nne ya mbavu badala ya ya tano, usiende kuitafuta chini kwa mazoea.

Misuli ya ndani ya ventrikali iache ndani ya eneo ulilochora, usiifuate kwa kuizunguka. Na kama umeamua hivyo kwa mtoto wa kwanza fanya hivyo kwa wote.

Hatua ya 7: damu inayotoka kwa dakika

Hii ni ya kuthibitisha ya juu. Pima upana wa njia ya kutokea chini ya vali ya aota kwenye picha ndefu, alafu weka dopla hapohapo kwenye chemba tano (ile ya chemba nne ukiongeza njia ya kutokea aota), chora wimbi upate umbali ambao damu inasafiri kwa pigo moja. Eneo la njia mara umbali, mara mapigo.

Upana ndio unaua watu hapa kwa sababu unazidishwa wenyewe kwa wenyewe. Ukipima sentimita 1.5 eneo ni 1.77, ukipima 1.4 eneo ni 1.54. Milimita moja tu, ambayo ni kutikisika kwa kidole, imekula asilimia 13. Umbali ukiwa sentimita 18, ya kwanza inakupa mililita 32 kwa pigo na ya pili 28. Kwa mtoto wetu 32 inaongea lugha moja na ile 31 ya hatua iliyopita, kwaiyo najua niko sawa. Zisipokubaliana rudi uangalie kwanza upana, ikuze picha, pima mara kadhaa, pembe ya dopla iwe chini ya nyuzi 20.

Hatua ya 8: jinsi moyo unavyojaa

Watu wanapima kusukuma wanasahau kujaa, wakati moyo mgumu unaanza kuonyesha kwenye kujaa. Chemba nne, kidirisha kidogo cha dopla kwenye ncha za vali ya mitrali inapofunguka. Utaona mawimbi mawili: E, damu inayoingia yenyewe moyo ukilegea, na A, damu inayosukumwa na atiria mwishoni. Mtoto aliyevuka uchanga E inakuwa kubwa kuliko A wazi kabisa. Kichanga wa siku za mwanzo zinakaribiana na A inaweza kuzidi, msuli wake bado haujajifunza kulegea haraka, sio ugonjwa.

Mapigo yakienda mbio mawimbi yanapandana yanakuwa moja. Hapo usilazimishe kuchora E mahali ambapo hamna E, andika kwamba yameungana, subiri atulie. Nimeona majedwali ambapo mtu amekata wimbi moja katikati kwa macho na kuliita mawili.

Alafu dopla ya tishu, inayopima kasi ya msuli badala ya damu. Kidirisha kwenye pete ya vali ya mitrali, upande wa nje na upande wa ukuta wa kati, na kwenye pete ya trikaspidi. Unapata spidi tatu: ya kubana, ya kulegea mapema, ya atiria. Spidi ya kulegea inapanda jinsi mtoto anavyokua, kwaiyo namba ya mtoto wa miezi miwili usiilinganishe na ya mtoto wa miaka kumi, na usichanganye upande wa nje na wa kati, wa nje kwa kawaida unakwenda kasi zaidi.

Hatua ya 9: upande wa kulia

Ventrikali ya kulia ina umbo gumu, imejikunja kuzunguka ya kushoto, kuipima ujazo kwa picha bapa ni kubahatisha. Ndio maana tunatumia TAPSE: M-modi kwenye pete ya trikaspidi upande wa nje, unapima pete inashuka kiasi gani kuelekea ncha moyo ukibana. Inachukua sekunde kumi na karibu kila mtoto anakubali. Mstari uende sambamba na mwendo wa pete, ukiukata kimshazari unapata pungufu.

Hapa umri unatawala kabisa. Kichanga wastani ni kama sentimita 0.9, kijana wa miaka 18 ni karibu 2.5. Kwa watu wazima tunasema chini ya 1.7 ni mbaya, ukichukua hiyo sheria ukampelekea kichanga utawaita vichanga wote wagonjwa.

Hatua ya 10: streini, kama mashine inayo

Programu inafuata vidoti vya msuli kutoka fremu hadi fremu na kukwambia msuli umefupika asilimia ngapi. Watoto wenye afya ventrikali ya kushoto inazunguka karibu na hasi 20. Hasi ni kwa sababu msuli unafupika, usiiogope. Inagundua udhaifu mapema kuliko EF, ndio maana wanaotunza watoto waliopewa dawa za saratani wanaithamini.

Masharti yake ni matatu. Fremu zisishuke chini ya 60 kwa sekunde, kichanga anataka zaidi ya hapo kwa sababu niliyosema hatua ya 4. Na mashine ya kampuni moja na ya kampuni ingine hazitoi namba sawa kwa moyo uleule, kwaiyo andika jina la mashine na toleo la programu pembeni ya kila namba. Na mstari ambao programu imechora uangalie unatembea na msuli kweli, ukiona sehemu mstari umebaki nyuma wakati ukuta umesogea, rekebisha au itupe hiyo sehemu.

Hatua ya 11: rudia, alafu geuza kuwa Z

Kila kipimo mapigo matatu angalau, chukua wastani. Usichague pigo zuri, chukua yaliyofuatana. Mtoto anavuta pumzi na moyo unabadilika na pumzi, pigo moja ni picha ya pumzi moja.

Namba mbichi ya mtoto peke yake haisemi kitu. Kipenyo cha sentimita 3.6 ni kizuri kwa mtoto wa kilo 20, kwa kichanga ni janga. Wengine wanagawa tu kwa eneo la mwili, mimi sishauri kwa vipenyo, kipenyo hakikui sawa na eneo la mwili, kinafuata zaidi kipeuo chake cha pili, ukigawa moja kwa moja watoto wadogo wote wataonekana wana mioyo mikubwa. Tumia Z: kipimo chako toa wastani wa watoto wa ukubwa ule, gawa kwa mtawanyiko wao (standard deviation). Kati ya hasi 2 na chanya 2 ndimo wanamokaa karibu asilimia 95 ya wazima, maana yake pia ni kwamba mtoto mmoja kati ya ishirini hivi atatoka nje ya hapo akiwa hana ugonjwa wowote. Usimfute kwenye orodha yako kwa sababu hiyo. Ukifuta kila aliyetoka nje unaibana rula mwenyewe.

Chagua jedwali moja la Z na ubaki nalo, maana mtoto mmoja ukimpitisha kwenye majedwali mawili anatoka na Z mbili. Lile la Pediatric Heart Network (mtandao wa utafiti wa moyo wa watoto) lililotoka 2017 lilijengwa kwa watoto wazima zaidi ya 3000 wa Amerika Kaskazini na linatumia Haycock, ni zuri kwa kuanzia. Chochote utakachotumia, kiandike.

Hatua ya 12: jipime wewe

Hifadhi klipu, sio picha zilizoganda. Baada ya wiki mbili chukua klipu za watoto kumi au ishirini, ficha namba za mwanzo, pima upya. Alafu mpe mwenzako apime zilezile bila kuona zako. Chora tofauti dhidi ya wastani kwa kila mtoto, utaona kama unavuta upande mmoja. Mimi nilijikuta kipenyo cha moyo uliobana nakipata kidogo kuliko cha mwenzangu karibu kila mara, tukakaa tukaangalia klipu pamoja, kumbe nilikuwa naweka alama kwenye zile nyuzi za vali. Tukakubaliana pa kuweka alama, tukarudia watoto wote ishirini.

Kwenye fomu ya kila mtoto andika mapigo wakati wa kupima, presha, alikuwa macho au amelala, ametulia au alihangaika, alikuwa amekula saa ngapi, kipimo gani kilikosa picha nzuri ukakiacha. Nafasi tupu iliyoandikwa "picha haikufaa" iache ibaki tupu.

Na ukikuta kitu ambacho hukutegemea, kitundu kwenye ukuta, vali ya aota yenye vipande viwili badala ya vitatu, usikae nacho ukisubiri utafiti uishe. Mwambie mzazi siku hiyohiyo, kwa utulivu, mbele ya mtaalamu wa moyo wa watoto kama yupo, na aondoke akiwa na karatasi inayosema aende wapi na lini.